Historia ya Daktari Liévin Uyirwoth, Tunayemlilia kwa Sauti ya Chini

Ndugu waombolezaji, tangu jana mnaulizana kwa nini kwenye kilio hiki akina mama wanazuiwa kupiga mayowe, na mimi Dominique, mdogo wa marehemu, ninayesoma kwa niaba ya familia, nawaomba mvumilie kidogo, jibu limo katika maisha yake.

Daktari Liévin alizaliwa Mahagi tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa mzee Julien na mama Pétronille, akasoma hukohuko, na alikuwa darasani tarehe 6 Februari 1995 alipoitwa nyumbani, sufuria ilikuwa imedondoka jikoni kwa kishindo, mama akaanguka, asiamke tena. Siku ya mazishi, shangazi zetu walipofika na kupiga mayowe kwa pamoja, kama desturi yetu inavyotaka, dada yetu Martine, mwenye miaka kumi na sita, alianguka kando ya jeneza akafa, watu wakasema, "Mama yake amerudia kumubeba," kisha wakaanza kumtafuta mchawi, na Liévin hakulisahau neno hilo.

Alipata diploma ya taifa ya kumaliza sekondari mwaka 2000, akasomea udaktari Kisangani hadi 2009, akahamia Bunia kufanya kazi, na tarehe 11 Juni 2011 akafunga ndoa na Brigitte Kavira, Mungu akawajalia Prudent mwaka 2012 na Priscille mwaka 2014. Mwaka 2017 yeye na wenzake walianza utafiti juu ya vijana wanaokufa ghafla katika ukoo mmoja, wakizunguka na mashine ya kupima umeme wa moyo, na huko Kasenyi, kando ya ziwa, watu walipodai mashine inanyonya damu, alivua shati mbele yao, akicheka, akajibandika nyaya yeye mwenyewe ili waone haiumi, karatasi ikatoka, wenzake wakaisoma mara mbili, kwa kuwa moyo waliokuwa wakiutafuta ulikuwa wake.

Ni ugonjwa wa kurithi, moyo unachelewa kujipanga upya baada ya kila pigo, na sauti ya ghafla inaweza kuuvuruga hadi usimame. Prudent alipimwa akakutwa mzima, Priscille akakutwa nao, na tangu hapo nyumba yao ya mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, ikawa gereza, simu hazikulia, geti lilizungushiwa mpira wa tairi lisigonge, binti hakwenda kwenye harusi yoyote, na haya yote katika mji ambao risasi hazipigi hodi. Wangekimbilia wapi, na moyo wanao kifuani?

Mwezi Septemba 2025 barabara ilifungwa kwa vita, dawa ya kutuliza moyo, waliyokuwa wakimeza yeye na binti yake, ikaadimika, na Liévin, bila kumwambia hata mkewe, aliacha kumeza vidonge vyake, akawa anavitia kwenye chupa ya binti yake, jambo tulilolielewa baada ya kifo, tulipoona chupa hiyo bado imejaa. Alasiri ya Jumanne, tarehe 30 Septemba, radi ilipiga mbali, upande wa ziwa, haikugusa mtu wala mti, naye akaanguka barazani, na nasema wazi mbele ya wote, radi hiyo haikutumwa na mtu, asitafutwe mchawi.

Tunawashukuru madaktari waliokimbia kuja kumwokoa, majirani wa Rwambuzi waliozoea kupunguza redio bila kuombwa, na wenzake wa utafiti, walioahidi kuendelea kumpima na kumtibu Priscille.

Priscille ameketi pale mbele, amekataa kubaki nyumbani, anataka kumzika baba yake kama watoto wengine, na jeneza likishuka ndipo desturi yetu inapotaka mayowe makubwa kuliko yote. Shangazi zangu, najua mnatamani kuyapiga, hata mimi natamani, lakini Liévin alituachia neno moja tu juu ya siku hii, "Mulie, lakini mulie polepole, mutoto iko hapa."

Pumzika kwa amani, kaka, na ukiona kumenyamaza, usidhani hatukulilii.