Bi Fauzia na Chupa Zisizoguswa Sabuni

Baada ya miaka thelathini na nne ya kutoboa vidole vya watu, Bi Fauzia Likwata, fundi sanifu wa maabara wa kituo chetu cha afya, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Tabibu Cletus, kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sifa nyingine sina hakika nazo, kama mtakavyoona.

Bi Fauzia alianza mwaka 1991 kama mhudumu, akifagia na kuosha vyombo vya maabara. Akajiendeleza, akaenda chuo akiwa na watoto wawili, akarudi na cheti. Wagonjwa humwogopa mpaka amalize kuwachoma, halafu huuliza ataanza lini.

Namna damu inavyokoma kutoka kwenye jeraha aliieleza kwa lugha ya nyumbani. Mshipa ukikatwa, hujibana. Chembe sahani hukimbilia pale na kushikamana zizibe tundu. Kisha protini za damu, moja ikiiamsha nyingine, husuka nyuzi juu ya kizibo hicho kama mtu anayesuka ukili, na chembe nyekundu hunasa humo. Hilo ndilo bonge la damu. Mimi nilisomea hayo miaka mitatu, nikafaulu mtihani, na sikuyaelewa hadi nilipomsikia akimweleza mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa akitoka damu puani.

Sasa nifike nisikotaka kufika. Novemba 2014 nilikuwa na miezi miwili kazini na koti jeupe lililonyooka kwa pasi. Niliona chupa za kioo za maabara zinasuuzwa kwa maji matupu, nikasema huo ni uchafu wa kizamani. Bi Fauzia alipokwenda msibani siku tatu, nikazichukua zote nikaziosha kwa sabuni ya unga, povu hadi viwikoni. Wauguzi nikawaita waje waone usafi.

Siku aliyorudi akaletwa Hamida, mama wa Kitomanga aliyeumwa na nyoka akiokota korosho. Kipimo chake ni rahisi: damu kidogo huwekwa kwenye chupa kavu ya kioo, ikaachwa dakika ishirini bila kuguswa. Isipoganda, sumu imeiharibu, na mgonjwa anahitaji dawa. Ya Hamida ilibaki maji. Nikaagiza dawa itolewe kwenye jokofu haraka. Tulikuwa na dozi moja tu, na nyingine isingefika kabla ya wiki.

Bi Fauzia akasimama mbele ya jokofu na kusema halifunguliwi kwanza, kwa kuwa Hamida havuji damu kwenye fizi wala pale alipochomwa sindano. Nikapandisha sauti, nikamkumbusha nani tabibu hapa. Yeye akachukua sindano. Akamtoa Hamida damu tena, akaiweka kwenye chupa mpya kutoka kabatini. Kisha akanishika mkono, akanitoa na mimi, yangu akaiweka kwenye chupa niliyoiosha. Tukasubiri. Ya Hamida ikaganda kabisa. Yangu ikatiririka. Kwa kipimo kile, mwenye sumu ya nyoka alikuwa tabibu, na nakiri kwamba nilipandisha suruali nikakagua miguu.

Ndipo akanieleza, tena kwa upole, kwamba kioo kikavu ndicho kinachoianzishia damu kazi ya kuganda, na utando wa sabuni huizuia. Hamida tulimlaza, tukarudia kipimo mara kadhaa, kesho yake akaenda nyumbani.

Siku ya tatu akaletwa Mzee Amiri wa Rutamba. Aliumwa na kifutu, fizi zinavuja, na damu yake haikuganda hata kwenye chupa nzuri. Dozi ilikuwapo. Alipona.

Sifa za kituo kilichotunza dawa zikafika mbali, na jina kwenye faili lilikuwa langu. Mei Mosi nikapewa cheti cha mfanyakazi bora. Nilipanda jukwaani, nikapunga mkono. Bi Fauzia alipiga makofi kuliko wote. Katika daftari la maabara alikuwa ameandika tu kwamba chupa hazikufaa, zimebadilishwa. Hakumwambia mtu hadi leo, nami niliona haya kusema.

Dada yetu, asante kwa kazi na kwa kunisitiri. Mungu akupe umri mrefu, afya njema na mapumziko yenye baraka. Sisi unaotuacha, utuombee tu.

Kila msimu Mzee Amiri huniletea ufuta wa shukrani, na miaka yote nimeupokea nikaula. Jana nilikwenda kwake Rutamba nikamweleza ukweli. Akauliza nyumba yako, Bi Fauzia, ni ipi.