Kilo Kumi na Moja Zisizoelezeka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mkurugenzi wetu wa Ofisi ya Mizani na Vipimo, ambaye leo ikigonga saa kumi na nusu anakuwa mstaafu. Mama, mke wa Mkurugenzi, uliyetuazima mzee huyu kwa miaka thelathini na moja. Wakuu wa idara. Wakaguzi wenzangu wa mizani, wa mita na wa pampu za mafuta. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada yangu, muuguzi wa zahanati ya ghorofa ya chini, uliyejibanza kule nyuma karibu na spika kana kwamba hukuhusika. Hamjambo?

Mmeitikia kinyonge, lakini nitapokea hivyo hivyo.

Nimepewa dakika kumi za kumsifu Mkurugenzi. Kamati ya maandalizi ilinichagua mimi kwa kura zote, na najua sababu: wengine waliogopa. Nitamsifu, tena kwa moyo mweupe. Lakini sitawaficha, nina ombi. Jalada langu la uchunguzi liko wazi mezani kwake mwaka wa pili huu, na wa kulifunga ni yeye aliyelifungua. Ikifika saa kumi na nusu kalamu yake haina nguvu tena, na mkaguzi mwenye jalada wazi haruhusiwi kushika nyundo ya muhuri, ile tunayogongea alama mizani iliyokaguliwa. Nimebakiza miaka mitatu kazini. Bila saini yake nitaimalizia stoo, nikipangusa vumbi mawe ya mizani. Sasa hivi ni saa kumi na dakika tano, kwa hiyo mtanisamehe nikienda haraka.

Wageni hamjui desturi ya nyumba hii. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kazi, wafanyakazi wote tunapanda mmoja mmoja kwenye mizani kubwa ya magunia, na uzito unaandikwa kwenye daftari la jalada jeusi. Si kwa ajili ya afya zetu, hapana! Ni kwa ajili ya mizani. Mkurugenzi aliamini kwamba watumishi wake ni waaminifu kuliko mawe ya chuma, kwa hiyo akitupima sisi, anaikagua mizani. Je, ni kiongozi gani mwingine amewahi kuwaamini watu wake kiasi hicho? Mimi nilikuwa kilo sabini na mbili, mwaka nenda, mwaka rudi. Miaka kumi na tisa wakaguzi walinitumia kama kipimo cha taifa.

Halafu nikapanda siku ile, nikasoma themanini na tatu.

Mkurugenzi hakunitazama mimi, aliitazama mizani. Akasema, "Isimamishwe kazi." Ikafunikwa turubai wiki nzima, ikajaribiwa kwa mawe ya kilo ishirini ishirini, ikaonekana haina kosa hata la gramu. Ikarudishwa kazini kwa barua ya kuiomba radhi, nakala kwa wakuu wote wa idara. Nikasimamishwa mimi: ofisini nije, ila nyundo nisiiguse.

Na hapa nataka kumsifu kwa uthabiti. Katika kazi yetu, tangi likiingizwa lita elfu moja kisha likakutwa na lita elfu moja na mia, hatusemi hongera. Tunauliza nani kachakachua. Mkurugenzi hakuona sababu ya mwanadamu kupewa kanuni laini kuliko tangi. Akaniita ofisini, akatoa fomu ya Ziada Isiyoelezeka.

"Umekula nini?" akaniuliza.

"Nilichokuwa nakula siku zote, bosi. Mkate na chai asubuhi, wali na maharage mchana. Jioni hata hamu sina."

"Mizani haidanganyi."

"Na mimi sidanganyi."

"Mmoja wenu anadanganya," akasema, "na mizani imeshasafishwa."

Ndipo ukaanza uchunguzi ambao sidhani kama kuna ofisi nyingine duniani ingeuweza. Hotpoti yangu ya chakula cha mchana ilipimwa kila asubuhi na kufungwa kwa waya na lakiri, zile zile tunazofungia pampu za mafuta. Ili nile, ilibidi niandike barua ya kuomba lakiri ikatwe. Siku moja mwenye koleo la kukatia lakiri alikuwa safarini, nikashinda na njaa, na jioni nilipopimwa nilikuwa nimeongezeka nusu kilo. Mkurugenzi akaandika pembeni, kwa wino mwekundu, "Njaa inanenepesha? Ifuatiliwe."

Kisha nikapewa mtu wa kunifuata. Simama, ndugu yangu Darubini, wageni wakuone. Kaa. Huyu ni mkaguzi wa matangi, mtu makini, hapepesi macho. Siku arobaini za kazi aliketi mbele yangu kila nilipotafuna. Lakini mtu mstaarabu ataketije mahali watu wanakula na yeye anatazama tu? Nikienda kwa shangazi yangu, anaandaliwa. Nikipita kwa mama wa maandazi, anapewa mawili ya heshima. Siku ya arobaini tulipimwa wote. Mimi niko pale pale. Darubini ameongezeka kilo tisa!

Mnacheka. Mkurugenzi hakucheka. Aliandika kwamba uzito umeanza kuhama, akaagiza tukae umbali wa mita tatu. Agizo hilo halijafutwa mpaka leo, ndiyo maana Darubini amekaa dirishani.

Sasa, dada yangu muuguzi aliposikia kwamba ofisi inatafuta hesabu ya kinachoingia na kinachotoka, alipanda ngazi kutusaidia. Akaeleza kwamba mwili si tangi, ni jiko linalowaka hata ukiwa umelala. Kwamba jiko la huyu lina moto mkali na la yule linafuka tu. Na kwamba mafuta ya mwilini yakiungua, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi. Kwa pumzi! Alikuwa na nia njema kabisa, masikini. Kesho yake Mkurugenzi akanunua maputo ya sherehe za watoto, pakiti sita, na kwa wiki mbili mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mama wa watoto wanne, nilipuliza maputo pale kaunta huku karani akiyapima kwenye mizani ya kupimia dhahabu. Kuhusu vitu vingine vinavyotoka mwilini na jinsi vilivyofuatiliwa, nisiseme, kuna wazee hapa na chakula bado kiko mezani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umekaa meza moja na Mkurugenzi tangu saa saba. Umeona alivyokula? Sahani tatu, na ya nne Mama kaificha chini ya kitambaa. Ndivyo alivyo siku zote. Na mtazame, mwembamba utadhani fimbo ya kupimia kina cha tangi! Chakula hicho chote kinakwenda wapi? Kwa kanuni zetu wenyewe, upungufu usioelezeka ni kosa kubwa kuliko ziada. Mbona hakuna aliyemfungulia yeye jalada? Wahenga walisema nyani haoni, haoni nini? Malizieni wenyewe, mimi niko mbele ya wakubwa.

Haya, tuache mzaha kidogo.

Ofisini niliitwa Ziada, na nilivumilia. Nyumbani ndiko kulikoniumiza. Lisemwalo lipo, watu walisema. Mume wangu, mtu mpole, akaanza kutembea na ufunguo wa kabati la sukari shingoni. Wifi yangu akinitembelea anafungua sufuria kabla hajanisalimia. Binti yangu wa mwisho akaniambia, "Mama, wewe kubali tu, hatutakusema." Nikubali nini, mwanangu? Mwisho nami nikaanza kujishuku. Labda nakula bila kujua. Nikachukua waya na lakiri za serikali, na hili nalikiri mbele yenu, nikafunga kabati langu mwenyewe la jikoni. Asubuhi nikaenda kulitazama, lakiri haijaguswa. Nilikaa sakafuni nikalia, si kwa sababu ya unene, bali kwa sababu nilikuwa nimekwenda kukagua kama mimi ni mwizi.

Siku hiyo nilishuka ghorofa ya chini. Dada huyu hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza, "Unajisikiaje?" Mwaka na nusu, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo! Nikamwambia nasikia baridi watu wakitoka jasho, nachoka kabla ya kuamka, sauti imekuwa nzito, nywele zinabaki kwenye kitana. Akanigusa shingo, akachukua damu. Majibu yakarudi: tezi ya shingoni, ile inayochochea moto wa jiko la mwili, ilikuwa imelala usingizi. Nikapewa kidonge kimoja kila asubuhi. Baridi ikaondoka, sauti ikarudi, na kilo nne zikateremka.

Nikapanda ngazi mbio nikiwa na cheti mkononi. Mkurugenzi akasoma mara mbili, akachukua kalkuleta.

"Nne zimeelezwa," akasema. "Saba zilizobaki ni za nini?"

Tukamwita muuguzi. Akasema huenda ni umri, huenda ni usingizi, huenda ni uzazi, huenda ni damu ya ukoo, kwani mama yangu alikuwa hivi hivi. Huenda ni vyote pamoja. Akamalizia, "Kusema kweli, mzee, sijui. Hata mabingwa bado wanabishana."

"Sijui si jibu la ofisi," Mkurugenzi akasema, na jalada likarudi juu ya meza.

Mzee wangu, sikulaumu. Kukulaumu ni kulaumu kazi uliyonifundisha mwenyewe. Ni wewe uliyeniambia, siku yangu ya kwanza sokoni, kwamba muuza vitunguu maskini na tajiri wa nafaka wote wanasimama sawa mbele ya mizani. Nilikuamini. Kwa miaka kumi na tisa sikugonga muhuri wa uongo hata mmoja, na nyundo ile nilikuwa naipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyesema kweli miaka yote hiyo juu ya mizani za wengine, kwa nini asiaminiwe juu ya mwili wake mwenyewe?

Jalada ninalo hapa. Usishtuke, katibu muhtasi wako amenipa, naye anastaafu mwezi ujao, hana cha kuogopa. Saa ni kumi na dakika ishirini. Fomu inasema, Chanzo cha Ziada, na kuna visanduku vitatu: kifaa kibovu, udanganyifu, wizi. Naomba usiweke tiki popote. Chini kuna mstari mtupu. Nakuomba, kwa mkono wako, uandike neno ambalo ofisi hii haijawahi kuliandika. Andika, "Hatujui."

Nakuletea mezani.

Ndugu wageni, tuvumilieni, mzee anasoma. Huwa anasoma mpaka jina la kiwanda cha karatasi. Mama, usimfinye. Mwache... Anatafuta miwani. Darubini, kaa chini, agizo la mita tatu bado lipo.

Anaandika. Mbona mstari umekuwa mrefu hivyo? Mzee, neno ni moja tu. Haya. Haya, nipe niusomee mkutano.

"Chanzo cha ziada: Hatujui. Tulimpima na hatukumuuliza anajisikiaje. Mkaguzi alisema kweli tangu mwanzo. Arudishiwe nyundo yake leo." Na saini, na saa: kumi na dakika ishirini na saba.

Jamani, nilikuwa na kurasa mbili zaidi za sifa, nimeziandika vizuri kweli, lakini siwezi kuziona tena. Atakayezitaka atazikuta kwangu. Mgeni Rasmi na nyote mlio hapa, asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe mzee wangu, nenda kapumzike, ule ushibe, asante kwa kuniamini, hata kama umechelewa miaka miwili.