Nahodha Aliyeogelea Miezi Saba Kosele

Bwana Stanley Maranga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha projekta kwenye gari letu la sinema. Katika muda huo amewaonyesha watu wa Migori na Homa Bay filamu nyingi za kuzuia malaria na kuchimba vyoo, na hakuna anayekumbuka hata moja. Wanaikumbuka ile ya bahari.

Ile ya bahari iliwekwa mwisho ili watu wasiondoke kabla ya somo la choo. Bibi harusi anatoroka harusi yake, anajificha ndani ya pipa la unga, pipa linapakiwa melini. Nahodha anamgundua wakiwa mbali na nchi kavu. Wanagombana siku nne, wanapendana siku ya tano, na meli inazama. Filamu ilikuwa na mikanda mitatu, kila mmoja ndani ya bati lake.

Mkanda wa tatu ulifia Lambwe mwaka wa 1996. Gari lilikwama kwenye udongo mweusi, na dereva wetu Hemed akaomba kitu kigumu cha kuweka chini ya tairi. Hemed anaapa hadi leo kwamba alimaanisha jiwe. Stanley alimpa bati. Gari lilitoka vizuri sana.

Tangu siku hiyo filamu ilikatika wapenzi wakiwa wameng'ang'ania ubao mmoja baharini, nahodha akiwa amefungua mdomo kusema neno. Stanley alichukua kipaza sauti akamalizia mwenyewe. Ripoti ya hasara bado tunaingoja.

Mwanzoni waliokolewa na meli nyingine, wakaoana. Isebania walikataa: harusi gani haina ng'ombe? Stanley akawapakia kumi na wawili kwenye ile meli ya uokoaji. Kosele wakasema hao ni wachache kwa msichana aliyesoma, wakafika ishirini. Ndivyo mtu aliyezaliwa kando ya ziwa na anayeogopa hata maji ya beseni alivyoitwa Nahodha.

Kule Kosele kulikuwa na Marcella, aliyeuza chai na mandazi kando ya pazia la sinema. Stanley alimpenda. Mimi niliyechapa ratiba nilijua, kwa sababu Kosele iliingia mara tatu kwa mwezi na mbu wa huko hawakuwa wakali kuliko wa kwingine. Lakini kwa maneno yote aliyomwaga kwenye kipaza sauti, kwa Marcella hakuwa na hata moja. Badala yake aliwatuma wazee wa kwao kwa baba wa Marcella, wakazungumza habari za ng'ombe.

Jioni iliyofuata ziara hiyo, ng'ombe walipokuwa wakishuka melini, Marcella alisimama nyuma ya karai lake akauliza, watu wote wakisikia: "Huyo dada si alitoroka harusi? Sasa wewe unamuoza tena, na hakuna mtu amemuuliza." Stanley alizima jenereta akafungasha vitu.

Safari iliyofuata hapakuwa na meli ya pili wala ng'ombe. Nahodha, akiwa palepale ubaoni, alimuuliza bibi harusi kama angependa kuolewa naye. Kisha Stanley akashusha kipaza sauti. Watu mia tatu waligeuka kutazama karai. Marcella aligeuza mandazi yake yote, moja moja, halafu akasema, "Mwambie captain aendelee kuogelea kwanza. Nitafikiria."

Nahodha aliogelea miezi saba. Stanley alikonda. Hakuna mji alikokubali kumtoa mtu huyo majini, na barua ya malalamiko kutoka Isebania ipo kwenye faili, imepigwa mihuri miwili.

Aprili 1998 Marcella alipanda gari letu hadi Isebania, akamnyang'anya Stanley kipaza sauti. "Amekubali," aliwaambia watu. "Lakini siku captain ataacha kazi, asiniletee hiyo meli kwa nyumba." Leo wana watoto watatu, na wote wanajua kuogelea.

Mwaka jana ofisi ilipata nakala kamili ya filamu. Mwishoni nahodha hasemi chochote, anambusu tu na muziki unapigwa. Stanley aliitazama hadi jina la mwisho, akasema waliotengeneza walikosea. Nimefanya kazi naye miaka thelathini na hilo ndilo jambo pekee tuliloafikiana bila kikao. Nampenda mzee huyu, na ofisi itapwaya bila yeye.

Asante, Bwana Stanley, kwa barabara zote mbovu na kwa kila mwisho uliotupa. Kamati ya zawadi, ambayo ni mimi na Hemed, imeamua kukuzawadia projekta ile ya zamani pamoja na mikanda miwili iliyosalia. Hemed ataileta kwenu Kosele Jumamosi. Masharti ya Marcella tunayakumbuka, ndiyo maana tutaishusha langoni na kuondoka haraka.

Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na mlango ulio wazi. Ukiukuta umefungwa, Nahodha, endelea kuogelea kwanza.

Joyline Nyamusi, Masjala