Plota Iliyotandikiwa Nyasi

Wanakikundi wenzangu, leo nasimama nikiwa na furaha. Mkiniona nacheka peke yangu msianze kuniombea, ngojeni nimalize.

Mnajua kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, pale Bakoba. Zamani nilikuwa nazituma Mwanza zikachapwe kwenye karatasi kubwa, kisha nasubiri zirudi na basi. Wateja walichoka. Ndipo mkanikopesha, nikanunua plota iliyotumika, ile mashine ndefu ya kuchapa ramani, kwa bwana mmoja wa Mwanza aliyekuwa anafunga ofisi yake.

Siku mashine ilipofika, mama mkwe wangu alikuja kutoka Kagoma na mzigo wa nyasi kavu. Nyie ni Wahaya wenzangu: mgeni wa heshima hapokelewi kwenye sakafu tupu. Akatandika ofisi nzima, akaipigapiga mashine mgongoni, akaikaribisha kwa Kihaya. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Mwanzoni ilichapa vizuri. Baadaye mistari ikaanza kuhama. Ukuta unatokea huku, mwenzake unatokea kule, hazikutani. Na nilikuwa na ramani ya zahanati ya kijiji kule Ngenge, mawe na mchanga vimeshamwagwa. Fundi akanipigia: "Dada, huu mlango umeuweka juu ya dirisha?" Kamati ikasema nisipoleta ramani inayosomeka watatafuta mchoraji mwingine. Ndugu zangu, nawaambia, mchoraji akipoteza jina katika mji mdogo kama huu, amekwisha.

Nikampigia aliyeniuzia, nikamwita tapeli, nikakata simu. Nikaacha hata kuja kikaoni.

Mkanifuata. Mwenyekiti wetu, pamoja na upole wake wote, alisimama katikati ya ofisi akasema, "Waitu, ndugu yetu, mpigie hapa hapa tukisikia. Na leo usitukane, uliza."

Nikapiga. Yule bwana hakunikaripia, aliomba tu picha ya mashine. Nikamtumia. Akaitazama, kisha akauliza, "Dada, hiyo ni ofisi au zizi?"

Mlicheka nyie! Kumbe vumbi la nyasi lilikuwa limejaa kwenye utepe mwembamba wa plastiki, ule unaoionyesha mashine ichape wapi. Akanielekeza kwa simu, nikaupangusa taratibu kwa kitambaa laini. Nikachapa. Ukuta ukakutana na ukuta, na vigelegele vyenu vikasikika mpaka barabarani.

Sasa, nyasi za mama mkwe utaziondoaje? Hilo lilinitisha kuliko mashine. Nikaenda Kagoma, nikapiga magoti, nikaeleza yote. Mama aliendelea kumenya ndizi zake. Nikajua nimeharibu. Kisha akaniuliza, "Kwani huyo bado ni mgeni? Si ameshakuwa mtu wa nyumbani? Zitoe, mwanangu, afanye kazi."

Zahanati ya Ngenge imeshaezekwa. Nawashukuru ninyi mlionifuata nilipojificha, namshukuru mama, na yule bwana wa Mwanza nilishamwomba radhi, sasa tunataniana. Ninachowaachia ni hiki: ukikwama, uliza, hata kama wa kumuuliza ni yule uliyemnunia.

Na mkipita ofisini, karibuni, sakafu ni tupu. Nyasi nimezitandika sebuleni kwangu, zinawangoja ninyi.