Jiwe Mkiani mwa Ndege ya Mwalimu Onyiego

Mliokuja kumlilia mwalimu wetu, na nyinyi mliokuja kutazama kama tutanyamaza, nyote mmefika Nyacheki, kaeni. Familia imemchagua kifungua mimba, Lorna, huyu mnayemsikia, awasomee maisha ya marehemu, na kwa kuwa baba yake alimfundisha kusoma bila kuruka mistari, hatauruka hata mmoja. Ile ratiba iliyochapishwa, inayosema marehemu "alijaribu mambo ya ndege yakamshinda", haikuandikwa na nyumba yake, iwekeni chini.

Marehemu Mwalimu Ezra Onyiego Mogaka alizaliwa tarehe tatu Mei 1957, hapa hapa Nyacheki, mwana wa kwanza wa Mzee Mogaka na Mama Nyamusi, ambao wote wawili wametangulia, na mdogo wake wa pekee ni Mzee Momanyi, mzee wa kanisa, yule aliyeketi kiti cha mbele na kofia magotini.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari huko Nyamira hadi 1975, kisha akasomea ualimu, na tangu Januari 1979 hadi alipostaafu Mei 2017 alifundisha hesabu na useremala katika shule tatu za Kisii na Nyamira, na wengi wenu hapa mlionja rula yake kwa kukata mbao kabla hamjapima mara ya pili. Jumapili tarehe 16 Desemba 1984 alimwoa Persis Kemuma, binti wa Birongo, wakajaliwa Lorna, Anyona na Nyakerario, na katika nyumba hiyo hapakuwahi kuwa na kiti kinachoyumba.

Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe, yeye akaunda ndege. Haikuwa ya kubeba watu, ilikuwa ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti, ndogo kwa jina tu, maana upana wake ulikuwa mita tatu na nusu, mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, ya mianzi na plaiwudi, na injini ya msumeno wa petroli aliyouziwa na Issack wa Keumbu, ambaye amefunga duka lake leo ili awe nasi, asante Issack.

Kazi iliyomchosha kuliko zote haikuwa injini wala mabawa, ilikuwa kutafuta mahali ndege inapokaa sawa bila kulemea mbele wala nyuma, kwa maana ndege ya bawa moja utaipima kutoka ukingo wa mbele wa bawa hilo hadi wa nyuma ukamaliza, lakini kwa hii yake, bawa la juu lilitangulia mbele na la chini likabaki nyuma, ukilifuata la juu peke yake pua italemea, ukilifuata la chini peke yake mkia utalemea, na mahali pa kweli pako katikati ya hesabu ya yote mawili. Aliomba ruhusa kwenye kituo cha kununulia majani chai, akaitundika kwenye boriti ya mizani, tangi likiwa tupu kwa kuwa petroli ilikaa mbele na ingepungua angani, akaongeza vipande vya madini ya risasi puani kidogo kidogo mpaka pua ikainama kama mtu anayeitikia salamu, huku wakulima na vikapu vyao wakimtania kwamba majani ya aina hiyo yatakataliwa kiwandani. Julai 2023 aliirusha mara mbili kwenye uwanja wa Birongo, ikapaa, ikazunguka, ikatua salama, na Mama Persis alilia kwa furaha, hilo wachache wenu mnalijua kwa sababu wachache wenu mlikuja.

Mlikuja wote Alhamisi tarehe 10 Agosti 2023, siku ya maonyesho ya wakulima Nyamira, kwa kuwa palikuwa na wageni na maturubai. Mkuu wa chuo kimoja cha ufundi alikuwa ameahidi kwamba ndege ikiruka, Mwalimu atapewa darasa la vijana, na darasa hilo ndilo alilolitamani kuliko kitu chochote tangu astaafu. Asubuhi hiyo, Mwalimu alipoitwa kusalimia wageni, Mzee Momanyi alibandika chini ya mkia kibao cha jiwe la sabuni la Tabaka kilichochongwa jina la Mogaka, ili jina la ukoo lionekane, hakuuliza, hakusema. Mkia uko mbali, ndugu zangu, na uzito wa mbali una nguvu, shika jembe kwa ncha ya mpini uone. Ndege iliinuka, mkia ukazama, pua ikatazama mawingu, ikasimama angani, ikaanguka migombani nyuma ya maturubai.

Mama Persis na Anyona ndio waliokiokota kibao katikati ya mbao zilizovunjika. Mzee Momanyi alisema, "Hii ni kajiwe tu, hata kuku hawezi sikia uzito." Mama akamwambia, "Sema ukweli kwa watu, Momanyi, ama nitasema mimi." Ni Mwalimu aliyemzuia, akasema mdogo wake ni mzee wa kanisa, asiaibishwe, na akaiapisha nyumba yake isitamke neno hilo maadamu yeye yu hai. Shukrani ya punda ni mateke, maana wiki haikuisha kabla Mzee Momanyi hajasimulia Keumbu, mbele ya watu wakicheka, kwamba kaka yake alifundisha hesabu maisha yake yote na bado hakujua katikati ya ndege ni wapi. Chuo kikasikia, darasa likafa. Mwalimu hakugusa randa tena, na sisi tulimwona akizeeka kwa aibu isiyokuwa yake, na inatuuma mpaka leo.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya koo, akatibiwa Kisii, akafariki Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Persis. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliochuma chai yetu tukiwa hospitalini, walimu wenzake mliochanga na mliokesha, Mungu awabariki.

Sasa msomaji alipaswa kumwambia marehemu alale kwa utulivu, lakini Lorna hawezi kumwambia baba yake jambo ambalo bado si kweli. Kiapo kilikuwa cha maadamu yu hai, nasi tumekitimiza. Baba mdogo, kipaza sauti hiki hapa, na watu wale wale uliowachekesha wako hapa. Jeneza halitashuka mpaka waisikie kweli kwa mdomo wako. Simama.