Mashine Iliyokata Uji wa Agripina

Mheshimiwa Diwani wetu, ambaye leo umewahi mpaka nikaogopa kuna uchaguzi. Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Mtendaji wa Kata. Wazee wenzangu mliotoka Mbuba mkaja hapa Kabanga kwa miguu yenu na nyingine za kukodi. Akina mama, ninyi mnaosikia harufu ya pilau kuliko mnavyonisikia mimi. Na ninyi vijana wa kompyuta, shikamoo zenu nimezisikia. Marahaba, marahaba. Inatosha, kaeni.

Nimeambiwa niongee dakika tano. Aliyeniambia ni Restituta, mjukuu wa dada yangu, mwenye chumba hiki tunachokifungua. Dakika tano! Mimi Bernardo, niliyeongea na askari wa mpakani toka asubuhi, mpaka mchana akawa ananisaidia kuswaga ng'ombe? Haya, nitajitahidi.

Chumba hiki ni cha kuediti. Kwa msiojua, na mimi sikujua, ni hivi: video ikitoka kwenye kamera inakuwa mbichi, kama ndizi. Huwezi kumpa mgeni. Restituta anaiweka kwenye kompyuta, anakata, anaunga, anapaka muziki. Shangazi aliyelewa rubisi anaondoka. Bibi harusi aliyenuna anacheka. Mheshimiwa Diwani, hata wewe kwenye ile harambee ulisinzia, lakini kwenye video uko macho kama sungura. Mshukuru huyu binti.

Kafundishwa na nani? Hakuna chuo. Kafundishwa na intaneti. Nikamwuliza, "Huyo mwalimu wako kwao wapi?"

"Sijui, babu."

"Ana mke?"

"Babu, kwenye video zake anaonyesha mikono tu na kompyuta."

Mikono tu! Mtu anaficha uso, anafundisha watoto wetu kukata, wala hadai hata kuku. Ndugu zangu, mimi mtu akinipa kitu cha bure, kwanza natazama nyuma yake amekuja na nani.

Halafu hiyo programu yenyewe ya kukatia. Mimi panga langu nalinoa mwenyewe mwaka wa thelathini huu. Jioni naliegemeza ukutani, asubuhi nalikuta panga. La Restituta linalala hivi, linaamka vile. "Imejiapdeti, babu." Imeomba ruhusa kwa nani? Kitufe alichokizoea kimehamia kushoto, kingine kimekufa, na kingine kimezaliwa ambacho hakuna aliyekiomba. Mtu akiingia kwako umelala, akakunolea panga, akaondoka, utamshukuru? Au utaamka kuhesabu watoto?

Mnacheka. Chekeni sasa hivi, kwa sababu hicho kitufe kilichozaliwa ndicho kilichonileta hapa mbele.

Mnamkumbuka Theonest wa Mbuba, Mungu amrehemu. Mwaka jana alipozidiwa, watoto wake, Pius na wadogo zake, wako Mwanza, akaomba apigwe video aseme maneno yake, wayasikie. Restituta akaenda na kamera. Chumbani walikuwa watatu: mgonjwa kitandani, mdogo wake Danstan amekaa miguuni pake, na Restituta na kamera yake. Mke wa Theonest, Agripina, yule pale mwenye kitenge cha kijani, alikuwa nje ya mlango, jikoni.

Video ile ni saa nzima. Kikohozi, kimya, kikohozi. Restituta wiki ile alikuwa na harusi tatu, akaitupia kwenye programu, akatoa, akaweka kwenye flashi, akatuletea siku ya kuanua tanga, akakimbilia harusini bila kukaa kutazama nasi. Wazee tumekaa uani, mimi ndiye mkubwa wao, maana nani mwingine? Tukawasha televisheni. Tukamwona Danstan anauliza, "Kaka, shamba la bondeni, lile la kahawa, nilishike mimi?" Na Theonest anajibu papo hapo, "Ndiyo."

Kwisha. Nani atabishana na marehemu?

Agripina akasimama. Akasema, "Wazee, huo ni uji. Hapo alikuwa ananijibu mimi, nilimwuliza uji."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu mnaoupenda kwenye sherehe, nikamwambia, "Mama Pius, sisi tunagawa shamba, wewe unatugawia uji?"

Watu walicheka, jamani. Walicheka mpaka mmoja akaanguka na kigoda. Danstan alicheka kuliko wote. Agripina akakaa chini. Mimi nikatamka: shamba la bondeni ni la Danstan. Siku ile nilirudi nyumbani nikijisifu, nikamsimulia mke wangu huo utani mara mbili.

Sasa nisikilizeni. Kwenye ile video kulikuwa na kuku. Wakati Danstan anauliza, kuku yuko uvunguni mwa kitanda. Theonest anajibu, kuku yuko mlangoni. Hakutembea! Mimi nilimwona. Mimi ninayemjua ng'ombe wa wizi kwa kumtazama macho, niliyewarudisha fahali wawili Biharamulo kwa sababu tu walikuwa wananionea haya, nikamwona kuku anaruka chumba kizima bila kutumia miguu, na sikuuliza. Kwa nini? Kwa sababu tayari nilikuwa nimechekesha watu, na mtu aliyechekesha watu hapendi kuuliza kitu.

Agripina hakugombana na mtu. Alitembea toka Mbuba mpaka hapa Kabanga, akamwambia Restituta, "Mwanangu, nitafutie uji wangu."

Restituta alikuwa hajafuta ile mbichi. Akaifungua. Danstan anauliza. Theonest anatazama dari. Kimya. Dakika nne, wazee wangu, nimezihesabu kwa saa ya Baba Paroko. Kuku anatoka uvunguni, anatembea zake taratibu kama mke wa mtu mkubwa, anafika mlangoni. Ndipo inasikika sauti nje, ya mtu aliyechoka kuuguza: "Baba Pius, nikuletee uji?" Theonest anasema, "Ndiyo."

Kile kitufe kipya kazi yake ni kukata kimya chote na kuosha kelele zote, bila kuuliza. Kimya cha Theonest kikakatwa. Na sauti ya Agripina, kwa kuwa ilikuwa ndogo na imetoka jikoni, mashine ikaihesabu ni kelele.

Restituta akaandika kule mtandaoni wanakokutana waediti wa dunia, akauliza kama amerogwa. Akajibiwa na mmoja anaitwa Véronique: "Hata mimi, mpenzi, imenikatia kiapo cha harusi." Akamwonyesha kitufe kinazimwaje. Nikauliza huyo Véronique ni mtu wa wapi na anataka nini kwetu. Hakuna anayejua. Simwamini mpaka leo. Lakini apewe salamu zangu.

Halafu huyu binti akaja kwangu na kompyuta yake. Akanikalisha saa nzima. Ilipoisha akasema, "Babu, kosa ni langu. Niliitoa bila kuitazama mwanzo mpaka mwisho." Nimekaa na wazee wa Mbuba miaka mingi, wapo hapa, sijamsikia hata mmoja akisema neno hilo. Mimi mwenyewe sijawahi, mwulizeni mke wangu. Kwa hiyo vijana mnaokuja kujifunza hapa, sheria ya chumba hiki ndiyo hiyo: hakitoki kitu kabla hujakitazama chote kwa macho yako, na ile mbichi haifutwi. Programu itakwambia imeshatazama kwa niaba yako. Usiiamini.

Lakini nimekuwa naishuku mashine mwezi mzima, na juzi nikashtuka. Mashine haikuwepo chumbani.

Danstan, nakuona, mstari wa tatu, koti la bluu. Usitazame simu. Ulikuwa umekaa miguuni pa kaka yako dakika zote nne. Uji ulipoletwa, wewe ndiye uliyemshikia kikombe, nimeona mkono wako. Mashine ilikata video. Wewe nani alikukata? Ulicheka na sisi uani, huku unajua.

Sikuiti mwizi mbele ya Baba Paroko. Nasema hivi: neno langu la siku ile nimelifuta, Mtendaji andika. Shamba la bondeni ni la Agripina na watoto wake. Miti ya mpaka uliyoipanda uing'oe wewe mwenyewe, na wazee tutakuja kutazama ukiing'oa. Kama unabisha, televisheni mpya ile pale ukutani, saa nzima ipo, na hakuna atakayegusa pilau kabla haijaisha. Sasa ona wanavyokutazama hao wenye njaa.

Mheshimiwa Diwani, utepe utaukata baadaye. Nawashukuru wote kwa masikio mliyoniazima, nayarudisha yakiwa mazima, maana yanatakiwa na mwenzangu.

Mama Agripina, siku ile ulisimama nikafanya watu wakucheke. Simama tena. Chukua hii maikrofoni, na mimi nakaa.