Makufuli Matatu ya Ghala la Simenti

Benchi la kahawa la Khatibu, pale Nyarukamba ambapo barabara ya Kasulu inakata kona kuelekea Kibondo, ni ubao mmoja wa mninga uliolazwa juu ya mifuko minane ya simenti. Simenti yenyewe iliganda ikiwa bado ndani ya karatasi zake, na maandishi ya kiwanda yanasomeka mpaka leo kwa anayejua kusoma. Ilikuja mifuko mia na ishirini, mwaka wa sabini na tano, kujenga zahanati yenye chumba cha wazazi. Sasa ni mwaka wa sabini na saba. Minane imekuwa miguu ya benchi, mingine imezibia mashimo ya barabara, iliyobaki ilisukumwa bondeni, na zahanati ni mistari ya msingi iliyoota magugu. Watu wa benchi wameshachoka kutazama wanachokalia. Wanakunywa kahawa chungu, wanabishana, jua linapanda, na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho walipokubaliana jambo.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa nane walikubaliana. Habari ilikuwa imefika kwamba msomi kutoka chuo kikuu yuko njiani na gari la wilaya, anakuja kuuliza habari za zahanati. Stanislaus, ambaye hakuna kamati kijijini asiyokuwa mwenyekiti wake, ndiyo maana wanamwita Kamati, aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba mtu wa namna hiyo hatumwi bure. Anakuja kuona kama Nyarukamba inastahili kupewa simenti nyingine. Akiandika kwamba tuliharibu wenyewe, simenti inakwenda kijiji kingine. Kwa hiyo aseme kila mtu atakalo, ila lisisemwe neno la kuiangukia Nyarukamba.

Alipomaliza alimtazama Ntirampeba, na wenzake wakamtazama pia.

Ntirampeba alikaa mwisho wa ubao, mahali pake pa siku zote. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye na mkewe na binti yao Kezia, na jembe moja. Nyarukamba ilimpa shamba, halafu ikampa heshima ya kulinda ghala, na benchi likampa jina la Makufuli. Neno la Kamati alilielewa vizuri. Masika ya mwaka jana Kezia alishikwa na uchungu, wakambeba kwa ngobyi, ile machela ya fito na kamba ambayo watu wanne huichukua mabegani, maili kumi na nane kwenda Kasulu. Ntirampeba mwenyewe alishika mti wa mbele. Mto ulikuwa umejaa, wakasubiri ng'ambo ya huku mpaka maji yapungue, na mtoto hakusubiri. Sasa Kezia ana mimba ya miezi saba, na mvua ziko karibu. Kama kunyamaza kunaleta simenti, Ntirampeba alikuwa tayari kunyamaza mpaka azikwe.

Gari lilifika, likashusha binti mwembamba mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alisema anaitwa Tunu, kwao Tanga. Akawasalimu shikamoo mmoja mmoja, kisha akajaribu "mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, akaitikiwa vizuri kuliko alivyotarajia. Khatibu akamfutia ubao, akampa kikombe.

Alieleza shughuli yake bila maringo. Anatafiti jinsi vijiji vinavyopata vifaa vya ujenzi, nani huagiza, nani hupokea, na jinsi hatari za kazi zinavyopangiwa mapema kabla hazijatokea. Karatasi yake ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza, hatari zilizotazamiwa. Ya pili, hatari zilizotokea. Felisiani, anayeitwa Redio kwa sababu anayo, akanong'ona kwamba safu ya pili ndiyo itakayokosa nafasi.

— Kabla simenti haijaja, mliogopa nini? akauliza Tunu.

— Wezi, akasema Kamati.

— Na kingine?

— Wezi wa usiku, akasema Isihaka. Na wa mchana pia.

Isihaka ni fundi mwashi. Ujanani aliwahi kuwashikia wapimaji wa barabara ile fito yao yenye rangi nyeupe na nyekundu, na tangu hapo ni Injinia. Yeye na Kamati wakapokezana kumweleza binti habari ya makufuli, na hapo nyuso zao zikapata nuru kidogo, maana ilikuwa fahari yao. Ghala la matofali ya kuchoma, paa la bati, mlango wa mbao nzito, na makufuli matatu mlangoni. Ufunguo wa kwanza kwa Kamati. Wa pili kwa Injinia, kwa niaba ya mafundi. Wa tatu kwa bwana ugavi wa wilaya. Mtu mmoja hawezi kufungua, wawili hawawezi, mpaka wasimame watatu pamoja. Na nje, mlinzi.

— Haukuibiwa hata mfuko mmoja, akasema Kamati.

Tunu akaandika hilo, akapiga mstari chini yake.

— Sasa kilichotokea ni nini?

— Simenti iliganda.

— Kwa nini?

Hapo benchi likafanya kazi yake. Injinia alianza kwa upole. Alisema simenti ile ilizeeka kiwandani, ikaja ikiwa imeshachoka, kama mtu aliyesafiri siku tatu kwa treni mpaka Kigoma na siku mbili kwa lori. Ukimpa kazi mtu kama huyo atalala tu. Redio akasema Injinia anatetea mafundi wenzake. Yeye alisikia kwa masikio yake kwamba mabeberu wana dawa ya unga, wanaichanganya kwenye simenti ya nchi changa, igande kabla haijajenga. Aliulizwa ni taarifa ya saa ngapi. Akajibu kwamba betri zilikuwa zimekwisha nguvu, lakini maana aliipata.

— Kibondo, akasema Khatibu kutoka kwenye jiko lake.

Akasema watu wanazunguka wakati jambo lenyewe liko wazi. Zahanati hii Kibondo waliitaka iwe upande wao. Mtu mwenye wivu akiupitia mzigo njiani na kuutazama tu, huo mzigo haufai. Yeye mwenyewe aliwahi kutazamiwa gunia la sukari pale Kasulu, likawa jabali.

— Gunia lako lilinyeshewa, akasema Redio.

Khatibu akainama kupuliza mkaa. Kamati akakohoa, akaichukua zamu haraka kuliko ilivyohitajika. Alisema kilima lilipojengwa ghala ni cha mawe, na mawe ni ya zamani. Simenti ni nini kama si jiwe lililosagwa? Ikalala pale miezi sita inasikia ndugu zake chini ya ardhi wakiita, nayo ikaitika. Alisema hayo bila kucheka, na Tunu aliyaandika bila kucheka. Ntirampeba, aliyezoea kumwona Kamati mbele ya mkutano akitoa hesabu ya kila msumari, alimwonea huruma. Kumbe mtu anaweza kuchoka mpaka akaacha kuona aibu.

Tunu aligeuza karatasi. Kalamu yake ilikuwa imefika kwenye nafasi ndogo chini kabisa, nafasi ya kujaza tu.

— Samahani, mimi ni mgeni huku. Mvua zenu huanza mwezi gani?

Ni swali ambalo mtoto wa Nyarukamba analijibu kabla hajajua kuhesabu, maana ndilo linalosema siku ya kushika jembe. Injinia alitazama viatu vyake. Redio alizungusha kikombe kitupu. Khatibu, mtu wa maneno, akapata kazi ya kupanga mkaa. Binti akawatazama mmoja baada ya mwingine, akidhani labda Kiswahili chake cha pwani kimewapita.

Ntirampeba alimfikiria Kezia, akafikiria ule mti wa ngobyi ulivyomkaa begani. Alikuwa ameahidi kunyamaza. Lakini alikuwa ameyasikiliza mabeberu, na wivu wa Kibondo, na mawe yanayoitana, na moyo wake ulichoka kubeba peke yake kitu ambacho wote wanakijua.

— Mwishoni mwa mwezi wa kumi, akasema. Kila mwaka.

— Na simenti ililetwa lini?

— Mwezi wa tisa.

Kamati aliita jina lake, taratibu. Ntirampeba akaendelea, akimtazama binti tu.

— Jewe nilisikia. Mimi mwenyewe. Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, nimekaa mlangoni. Nikasikia ndani, to, to, to. Tundu la msumari kwenye bati. Tundu moja.

Akaeleza yaliyobaki bila kupandisha sauti. Alikimbia kwa Kamati, Kamati akaja na ufunguo wake. Wakamwita Injinia, akaja na wake. Wakasimama watatu mbele ya mlango mvua ikiwapiga, na ule wa tatu haupo. Bwana ugavi alikuwa amehamishiwa Kibondo wiki mbili nyuma, ufunguo akiwa nao mfukoni. Kamati aliandika barua Kibondo. Akaandika ya pili. Jibu lilikuja mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, ufunguo ndani ya bahasha ya rejista, pamoja na agizo kwamba baada ya kufungua urudishwe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyepewa mamlaka ya kukaa nao. Walipofungua, mifuko ya juu ilikuwa imelowa, ya chini ilikuwa imekunywa maji ya sakafu, na yote ilikuwa imeshajenga ukuta wa kwake yenyewe.

— Miezi mitano, akasema Tunu. Mkawa mnasikia?

— Mimi ndiye niliyekuwa nasikia. Hawa walikuwa wanakuja mara moja moja.

— Hukufikiria kuvunja?

— Nilifikiria kila siku, binti yangu. Lakini mimi nilikuja hapa na jembe moja. Mkimbizi akivunja kufuli la serikali, ataitwa nani?

Injinia akasema polepole kwamba hata yeye asiye mkimbizi alifikiria, na nyundo ilikuwa mkononi. Akaona afadhali simenti iharibike kwa utaratibu kuliko aulizwe yeye. Hakuna aliyemdhihaki, na si kawaida ya benchi lile kumwacha mtu hivihivi.

Tunu alifunga daftari. Ntirampeba akamwuliza lile alilokuwa amelibeba tangu gari lisimame. Je, kwa hayo aliyoyasema, simenti nyingine haitakuja tena?

Binti akashtuka.

— Baba, mimi ni mwanafunzi tu. Sina simenti. Naandika kitabu cha mtihani wangu, basi.

— Basi tumedanganya bure, akasema Redio.

Kamati akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshusha mzigo mahali pasipo pake. Khatibu aliinua birika, akaligeuza juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Dereva akapiga honi, naye Tunu akasimama, akajifuta vumbi, akawashukuru kwa mikono miwili. Alipokwisha kupiga hatua mbili akageuka kulitazama ghala lililokuwa ng'ambo ya barabara.

— Makufuli bado yako mlangoni, akasema. Ndani mna nini?

— Hamna kitu, akasema Kamati.

— Na paa?

— Zima. Lile tundu Injinia alishaliziba.

— Sasa mnalinda nini?

Hakuuliza kwa ubaya, na hakuwa na kalamu mkononi. Kamati akasema neno utaratibu, akaliacha peke yake. Binti alisubiri kidogo kwa adabu, kisha akapanda gari, na vumbi likawafunika wote.

Lilipotulia, Ntirampeba alikuwa amesimama. Chumba cha matofali, paa la bati, mlango mzito, sakafu kavu. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amekaa mbele yake asubuhi na jioni, na binti yake akabebwa kupita hapohapo, mbele ya mlango ule, kwenda kumpoteza mtoto mtoni. Aliona aibu iliyomtoa machozi, akayafuta kwa kiganja. Akainama mwisho wa benchi, mahali ambapo mfuko mmoja umemeguka kona, akaokota bonge la simenti la kujaa mkono.

— Unakwenda wapi, Makufuli? akauliza Khatibu.

— Nataka Mwajabu mkunga apaone ndani, kama panafaa kuzalishia. Kezia hatabebwa tena.

Akavuka barabara. Alikuwa ameinua mkono kupiga kufuli la kwanza aliposikia Kamati nyuma yake akimwambia angoje. Kamati alipekua koti lake, akatoa ufunguo, akafungua la kwake. Injinia akaja akihema, akafungua la pili. Likabaki moja. Walitazama upande wa Kibondo, barabara ilikuwa tupu, kisha wakasogea pembeni kumpa mzee nafasi.

Kufuli la tatu lilikatika kwa pigo la nne. Khatibu alikuwa bado hajamaliza kuosha vikombe.